Taa isiyowaka

*Malori ya zamani yanayovuka Tunduma hubeba shaba, mafuta na mbolea. Baadhi yake yana dashibodi ambayo hata dereva wake ameacha kuitazama.*

Alfajiri, kabla ukungu haujapanda, injini huanza kuamshwa moja baada ya nyingine katika foleni ya malori kati ya Mpemba na Chapwa. Ndani ya kichwa cha lori kilichotengenezwa miaka ya tisini, dereva anazungusha ufunguo hatua ya kwanza. Hapo taa za dashibodi zinapaswa kuwaka zote: oili, betri, breki, joto, upepo. Zinawaka mbili.

Anazungusha hatua ya pili, injini inashika. Moja kati ya zile mbili inagoma kuzimika. Mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, na utaendelea kulala hapo hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 mbele.

Hakuna anayeshtuka. Utingo anafuta kioo, dereva anasubiri upepo wa breki ujae, na gari linaingia barabarani. Ukiuliza, utaambiwa gari ni zima, ila dashibodi tu ndiyo ina matatizo.

Hilo neno “tu” ndilo ninalobishana nalo. Mbele ya gari hilo iko Vwawa, kisha Mlowo, kisha mteremko wa Senjele unaoshuka kwenda bonde la Mto Songwe. Baada ya hapo kuna Mbalizi na Iwambi, na mbali zaidi, mkoani Iringa, kuna Kitonga. Dereva anayeshuka huko bila mshale wa spidi na bila taa ya upepo anategemea masikio na makalio yake kumwambia gari linafanya nini. Madereva wazoefu wanaweza hilo kwa muda mrefu. Siku uzoefu unaposhindwa, pale Senjele hakuna nafasi ya kurekebisha.

Mji uliozaliwa na barabara

Tunduma ni mji wa magari makubwa, na hali hiyo si ya jana. Rhodesia ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia iligeuza macho kaskazini kutafuta bandari. Mafuta na shaba vikaanza kupita barabara ya vumbi na matope kuelekea Dar es Salaam, na mwaka 1966 iliundwa kampuni ya Zambia Tanzania Road Services kubeba mizigo hiyo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968, barabara ya TANZAM ikawekwa lami, na reli ya TAZARA ikapita hapahapa Tunduma katikati ya miaka ya sabini.

Reli ilipodhoofika, malori yalibaki. Mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ulirithi mpaka wenye shughuli nyingi kuliko mipaka yetu mingi ya nchi kavu. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa Oktoba 5, 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu. Foleni bado ipo, hasa kwa mizigo iendayo Zambia na Kongo.

Kila foleni huzaa biashara zake. Tunduma ina wauza chai, wabadilisha fedha, mawakala wa forodha, wachomeleaji, mafundi matairi na mafundi umeme wa magari. Fundi umeme ana testa mfukoni, nyaya za rangi shingoni, na mara nyingi ana ujuzi mkubwa ambao hakuna anayeulipia ipasavyo. Nitarudi kwenye malipo hayo, maana ndipo tatizo lilipojificha.

Mshale uliokufa na mshale unaodanganya

Malori ya zamani hupima mwendo kwa njia zaidi ya moja, na fundi asiyejua ya gari lililo mbele yake atafungua vitu bure.

Yale makongwe kabisa yana waya wa spidi. Asili yake ni hataza aliyosajili Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Waya unaozunguka ndani ya ganda hutoka kwenye giaboksi na kuzungusha sumaku nyuma ya dashibodi. Sumaku inavuta kikombe cha alumini bila kukigusa, springi laini inakizuia, na mshale unapanda kadiri gari linavyokimbia.

Hapa uchunguzi huanza kwa kutazama odomita. Namba za kilomita zikiendelea kuhesabu wakati mshale umelala, waya ni mzima na ubovu uko ndani ya saa ya spidi yenyewe. Vyote viwili vikisimama, tafuta waya uliokatika au gia ndogo iliyolika kwenye giaboksi. Mshale unaotetemeka huashiria waya mkavu au uliopinda kupita kiasi mahali fulani. Ukikuta oili imepanda hadi kwenye saa, sili ya giaboksi imechoka, na kubadilisha saa bila kubadilisha sili ni kutupa fedha.

Malori yaliyofuata, hasa yaliyotoka Ulaya, yana sensa iliyofungwa kwenye giaboksi inayotuma mapigo ya umeme kwenye saa. Mengi yalikuja na takografu, kifaa ambacho huko yalikotoka hurekodi mwendo na saa za kazi za dereva kwenye karatasi ya duara. Huku karatasi hizo haziwekwi. Kwa aina nyingi za saa hizo, kukosa karatasi peke yake kunatosha kuwasha taa nyekundu usoni mwake. Dereva anazoea kuona taa nyekundu mbele yake mchana na usiku. Siku nyingine nyekundu inapowaka kando yake, jicho linapita tu.

> Dereva aliyezoea taa nyekundu moja isiyo na maana ataipita na ile yenye maana.

Sensa yenyewe mara nyingi haina kosa. Iko chini, karibu na joto la giaboksi, inapigwa mawe, matope na oili. Fundi mzuri huanza na plagi: kuna kutu? Kuna pini iliyorudi nyuma? Kisha hufuata waya kwa mkono hadi unapoingia kabini, hasa pale kabini inapokunjwa kwenda mbele, kwa sababu waya hukatikia hapo ndani ya ngozi yake bila kuonekana kwa nje. Halafu huitoa sensa na kutazama ncha yake. Ncha yenye sumaku hukusanya vumbi la chuma, na kuifuta kwa kitambaa kumefufua mishale mingi iliyokuwa imeandikiwa sensa mpya.

Dalili nyingine: mshale haupandi gari likienda polepole, kisha unaruka ghafla gari likishika kasi. Sensa ya sumaku isiyolishwa umeme hutoa volti kidogo gurudumu likizunguka taratibu na nyingi likikimbia. Ikiwa imechoka au imekaa mbali na meno ya gia, mwendo mdogo hauonekani kabisa. Na mwendo mdogo ndio unaohitajika mteremkoni.

Hatari zaidi ni mshale unaofanya kazi lakini unadanganya. Saa imepangwa kwa ukubwa fulani wa tairi na uwiano fulani wa difu. Badilisha kimojawapo, nayo itaendelea kusema kwa ujasiri uleule. Tairi la 315/80 la rimu ya 22.5 lina kipenyo cha karibu milimita 1,076, wakati la 295/80 lina karibu 1,044. Gari lililopangwa kwa tairi dogo likivalishwa kubwa, mshale utaonyesha 80 wakati gari linakimbia zaidi ya 82. Ni tofauti ndogo, lakini kikomo cha gari la zaidi ya tani tatu na nusu ni kilomita 80 kwa saa, na tochi ya trafiki haina huruma na ukubwa wa tairi. Difu iliyotolewa kwenye gari jingine inaweza kuleta tofauti kubwa kuliko hiyo.

Kuna pia vichwa vya Kimarekani vyenye saa ya maili. Namba 50 kwenye saa hiyo ni kilomita 80, na dereva aliyetoka kwenye gari la Ulaya anaweza kupita katikati ya Vwawa akiamini yuko ndani ya kikomo cha makazi.

Kupima hakuhitaji mashine. Utingo ashike simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, dereva ashikilie mwendo mmoja sehemu iliyonyooka, wapime kutoka kibao kimoja cha kilomita hadi kingine. Kilomita moja kwa sekunde 45 ni mwendo wa 80. Kwa sekunde 60 ni 60, na kwa sekunde 72 ni 50. Programu ya ramani kwenye simu itawapa jibu hilohilo, mradi anayeitazama si dereva.

Vipimo vikichanganyikiwa pamoja, tafuta ethi

Swali la kwanza la fundi umeme mwenye akili ni kama kilichoharibika ni kimoja au ni vingi. Kipimo kimoja kikifa peke yake, tafuta sensa yake na waya wake. Vipimo vinne vikichanganyikiwa siku moja, sensa nne hazikufa kwa kupatana. Tafuta kitu vinachotumia vyote: fyuzi, waya wa umeme unaoingia kwenye dashibodi, au ethi.

Ethi ndiyo inayosahaulika kuliko vyote. Umeme unaotoka betri lazima urudi betri, na kwenye lori njia ya kurudi ni chesisi, injini na mikanda michache ya shaba inayoviunganisha na kabini. Mkanda ukiota kutu au boliti ikilegea, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudia, na njia hiyo inaweza kupita ndani ya taa au kipimo kisichohusika. Utaona mshale wa joto unaruka kila dereva anapowasha taa kubwa. Utaona taa ya oili inapepesa pamoja na indiketa. Gari la namna hiyo halina jini. Lina boliti iliyolegea.

Kutambua hilo ni kazi ya dakika chache. Weka maltimita kwenye volti, waya mmoja kwenye nguzo hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha dashibodi, kisha washa taa zote. Kipimo kinapaswa kukaa karibu na sifuri. Kikipanda hadi volti moja au zaidi, ethi ni mbovu. Njia ya mkato ni kuvuta waya mnene wa muda kutoka betri hadi kwenye dashibodi. Vipimo vikitulia, umepata jibu bila kununua chochote.

Kwa nini ethi hufa sana kwenye malori yetu? Sababu moja iko wazi pembeni ya barabara: kuchomelea. Chesisi ya gari lililobeba mizigo mizito kwa miaka ishirini hupasuka, na mchomeleaji huiunga usiku gari liondoke asubuhi. Rangi hupakwa juu ya sehemu ya ethi, mkanda hufungwa mahali pengine au husahaulika chini. Kibaya zaidi, umeme wa kuchomelea hupita kwenye gari zima. Nyaya za betri zinapaswa kutolewa kwanza, na kwa gari lenye kompyuta, plagi za kompyuta nazo zichomolewe. Kichwa ambacho kimetoka kuchomelewa na kuanza kuwasha taa kama mji wa sikukuu kinaeleza chenyewe kilichotokea.

Sababu nyingine ni muziki na taa za urembo. Lori lina volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizoungwa mfululizo. Redio ya kawaida inataka 12. Badala ya kununua kibadilishaji, mtu huvuta waya kutoka betri moja. Betri hiyo inachoka, mwenzake anajazwa kupita kiasi, na baada ya muda zote mbili zimekufa huku alteneta ikilaumiwa. Nyaya nyingine huvutwa kutoka nyuma ya dashibodi kwenda kwenye taa za juu ya kabini. Fyuzi ikikatika kwa mzigo huo, huwekwa kipande cha waya. Tangu hapo gari halina kinga. Waya ulio nyuma ya dashibodi ukigusana na chuma, kitakachoungua ni dashibodi yenyewe.

Globu ndogo inayoamsha alteneta

Taa ya betri inastahili aya zake peke yake, kwa sababu ubovu wake unashangaza hata madereva wa miaka mingi.

Kwenye malori mengi ya zamani, umeme mdogo unaoiamsha alteneta hupita ndani ya globu ya taa hiyo. Ufunguo ukizungushwa, umeme unatoka betri, unapita kwenye globu, unaingia alteneta na kuipa sumaku ya kuanzia. Alteneta ikishaanza kuzalisha, pande zote mbili za globu zinakuwa na volti sawa, nayo inazimika. Sasa fikiria globu imeungua. Taa haiwaki, dereva anaona hakuna tatizo, lakini alteneta huenda haijaamka kabisa. Gari linatembea kwa akiba ya betri. Likiingia Makambako usiku, taa kubwa zimefifia na kila mtu anatafuta alteneta nyingine, wakati kilichohitajika ni globu isiyozidi ncha ya kidole.

Maltimita inamaliza ubishi. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima za lori husoma karibu volti 25. Ikiwaka, zinapaswa kupanda hadi kati ya 27.5 na 28.5. Zikibaki chini, hakuna chaji, taa iseme lolote itakalosema. Taa ikiwaka kwa mwanga hafifu usiokoma, mara nyingi diodi za alteneta zimeanza kwenda.

Oili, joto na upepo

Kwa taa ya oili utaratibu ni mmoja na hauna mjadala: ikiwaka injini inafanya kazi, simama, zima, kisha ndipo uchunguze. Wengine huendelea wakisema ni swichi. Inaweza kweli kuwa swichi, lakini anayejua ni yule aliyepima. Pima kiwango cha oili kwanza. Kisha chomoa waya wa swichi: taa ikizimika, waya ni mzima na swichi inasema kitu. Kama inasema kweli au uongo, utajua kwa kufunga geji ya mkono mahali pake na kusoma shinikizo lenyewe. Na kama taa haiwaki kabisa ufunguo ukiwa hatua ya kwanza, chomoa waya huohuo uugusishe kwenye chuma cha injini. Ikiwaka, swichi imekufa. Isipowaka, globu au waya umekufa, na gari limekuwa likitembea bila mlinzi.

Mshale wa joto nao una mtego. Sensa yake hupima maji yanayoigusa. Maji yakivuja hadi chini ya sensa, mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Lori lililopanda kutoka bonde la Songwe kuja Mlowo likiwa na mzigo, kisha mshale ukashuka ghafla, linapaswa kusimama na maji yakaguliwe injini ikishapoa. Kushuka huko si nafuu.

Kisha upepo. Breki za lori zinategemea hewa iliyobanwa, na kwenye magari mengi taa na mlio wa onyo huanza shinikizo linaposhuka hadi karibu bar 5. Mlio huo unakera, na ndiyo sababu hukatwa waya. Namna ya kuujaribu ni rahisi: gari likiwa limesimama sehemu tambarare, magurudumu yamewekewa kigingi, injini imezimwa lakini ufunguo uko hatua ya kwanza, kanyaga breki mara kwa mara hadi upepo upungue. Taa na mlio vije kabla breki za springi hazijajifunga. Visipokuja, usiteremke Senjele.

Nasisitiza Senjele kwa sababu ya hesabu. Uzito wa juu unaoruhusiwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56. Gari la uzito wowote linaposhuka kwa mwendo wa 60, nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza ili kulisimamisha ni zaidi ya mara mbili ya ile ya mwendo wa 40. Drami zikishika moto, breki hupungua nguvu hata kama upepo umejaa. Kinga ni kuingia mteremkoni katika gia ndogo na mwendo mdogo, na mwendo huo dereva anapaswa kuuona kwa macho.

> Kutoka 40 hadi 60, mshale unasogea kidogo tu. Kazi ya breki inazidi mara mbili.

Testa au kompyuta?

Miongoni mwa mafundi kuna mgawanyiko. Upande mmoja ni wa testa na maltimita, waliojifunza kwa kumfuata fundi mkubwa au katika vyuo vya VETA. Upande wa pili ni vijana wenye kompyuta ndogo na plagi ya kuunganisha, waliokuja na magari ya kuanzia katikati ya miaka ya tisini, wakati Mercedes-Benz Actros ya mwaka 1996 na mengine yalipoanza kuunganisha kompyuta zake kwa mtandao wa nyaya.

Kila upande una hoja. Kwenye gari la namna hiyo, mshale wa spidi hauzungumzi tena na sensa moja kwa moja. Taarifa inapita kwenye kompyuta, na testa ya globu ikitumika hovyo inaweza kuiunguza. Lakini mwenye kompyuta naye ana kishawishi chake: kufuta kodi za ubovu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. Taa inazimika, mteja anafurahi, analipa, na taa inarudi akifika Mlowo. Kodi ya ubovu husema saketi fulani haisomeki. Haisemi kama kosa ni la sensa, plagi, waya au ethi. Mtu lazima ashuke chini ya gari, na ujuzi wa kushuka chini ya gari ndio ule wa mzee wa testa. Gereji itakayowaweka hawa wawili pamoja itapata kazi mpaka wateja walale foleni.

Kuna mchezo mwingine ambao mnunuzi wa kichwa kilichotumika aujue. Taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama wakati wa kufunga breki, ikiwaka daima hupunguza bei, hivyo huzibwa kwa solotepu nyeusi, au globu yake hutolewa, au hufungwa kwenye waya wa taa ya betri ili ziwake na kuzimika pamoja. Ukizungusha ufunguo, hesabu taa. Ukiwasha injini, tazama kama mbili zinazimika kwa nukta ileile. Katika malori mengi ya zamani taa ya ABS huzimika baada ya gari kuanza kutembea, na inayozimika injini inaposhika tu inapaswa kuulizwa maswali.

Nani amlipe anayetafuta?

Tajiri, yaani mwenye gari, ana hoja zake. Gari likilala mpakani haliingizi kitu, mafuta yamepanda, mteja wa mzigo anapiga simu, na sensa aliyonunua safari iliyopita imekufa tena. Mengi ya magari hayo yana traka ya GPS, kwa hiyo ofisi inaona mwendo wa gari kwenye skrini. Kwa nini basi ahangaike na mshale?

Kwa sababu anayeshuka mteremko ni dereva. Mtu aliyeko Dar es Salaam anaona gari lake linakwenda 74, na aliyeshika usukani haoni. Traka humpa tajiri ushahidi baada ya tukio. Mshale humpa dereva uamuzi kabla yake.

Dereva naye analipwa kwa safari. Akigoma kuondoka, safari itapewa mwingine. Akipigwa tochi, faini mara nyingi hutoka mfukoni mwake, ingawa aliripoti ubovu wa saa. Ndiyo maana wengi huacha kuripoti. Napendekeza kitu kimoja kinachowezekana kesho: ripoti ya ubovu wa dashibodi iandikwe, hata kwa ujumbe wa simu, na dereva aitunze. Siku ya ubishi kuhusu faini, itajulikana nani alijua nini na lini.

Na fundi? Huyu hulipwa kwa kitu alichofunga, si kwa saa alizotafuta. Akitumia nusu siku kugundua boliti ya ethi iliyolegea na kuikaza, mteja ataona amekaza boliti moja na atakataa kulipa. Akibadilisha sensa ambayo haikuwa mbovu, atalipwa. Kwa mpango huo tunamfundisha fundi mwaminifu kuuza vipuri visivyohitajika, au kutoa globu na kumaliza kazi kwa dakika tano. Matajiri wenye magari kumi au ishirini wanaweza kubadilisha hili kwa kukubaliana bei ya uchunguzi peke yake, ilipwe hata kama dawa ni kukaza boliti.

Dakika moja pale Mpemba

Serikali inapima mengi kwenye barabara hii. Mzigo wa kwenda nje hufungwa lakiri ya kielektroniki. Mabasi ya abiria hufuatiliwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, kwa mfumo wa kufuatilia mwendo. Mizani ya Mpemba hupima kila ekseli. Wiki ya Nenda kwa Usalama ina ukaguzi wake na stika yake.

Kinachokosekana ni kitendo kidogo kuliko vyote hivyo: kumwomba dereva azime gari, azungushe ufunguo hatua ya kwanza, na kuhesabu taa. Lori lililobeba shaba kutoka Kongo na Zambia husimama mizani kwa vyovyote. Dakika moja ya kuhesabu taa, na nyingine ya kusikiliza kama mlio wa upepo upo, haziwezi kurefusha foleni kwa kiwango cha kulalamikiwa. Gari lisilo na taa ya upepo lirudishwe kwa mafundi wa Tunduma, ambao wako kilomita chache nyuma, badala ya kuruhusiwa kuendelea hadi Senjele. Gharama iwe ya mwenye gari, na jina litakaloandikwa kwenye karatasi liwe lake pia, pamoja na la dereva.